Camerapix: Nyumba Aliyoijenga Mo

Kila ifikapo tarehe 23 Novemba sisi tuliofanya kazi chini ya marehemu Mohamed Amin, yaani Mo, hutafutana. Wengine hupiga simu tu, wengine hufika. Katika mazungumzo hayo vijana huuliza kampuni yetu ya picha, Camerapix, ilianzaje, na kila mzee huwa na jibu lake. Nimeombwa niandike langu, nami naandika nikijua kwamba historia ya kampuni hii na maisha ya Mo ni hadithi moja.

Mo alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943. Baba yake alikuwa fundi mwashi wa reli mwenye asili ya Punjab, na kazi ya reli ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam. Huko, akiwa bado mwanafunzi, Mo alinunua kamera kuukuu aina ya Box Brownie. Ni kijisanduku tu chenye tundu la kioo, hakina pa kurekebisha mambo mengi, lakini kwa mtoto asiye na fedha kilitosha. Alipiga picha za shule na za michezo, na mashindano ya magari ya Safari yalipopita Tanganyika, naye alikuwa kando ya barabara katika vumbi. Nampenda Mo wa miaka hiyo kuliko wote: mvulana ambaye hajatumwa na mtu, hana kitambulisho wala gazeti nyuma yake, na bado anahesabu tukio ni lake.

Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alifungua Camerapix papo hapo Dar es Salaam. Mahali na wakati vilikuwa vyake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar mwaka huohuo, na wapigania uhuru kutoka kusini walipita katika mitaa ile. Mwandishi wa London alihitaji siku nzima na tiketi ya ndege ili afike. Mo alihitaji viatu tu. Kisha Januari 1964 yakaja Mapinduzi ya Zanzibar, naye akavuka. Sura ya John Okello, kiongozi wa mapinduzi hayo, ambayo dunia ilikuwa haijawahi kuiona, alikuwa miongoni mwa walioinasa.

Inafaa vijana wa leo wajue kazi ile ilivyokuwa. Filamu ilikuwa ya milimita 16, na rola ya futi 100 ilikwisha kabla ya dakika tatu. Hukuweza kuacha kamera izunguke ukingoje bahati. Ulitazama kwanza, ukaamua, ndipo ukabonyeza. Ukimaliza kupiga ulikuwa bado hujafanya kitu, kwa sababu filamu ilipaswa kufika London kwa ndege, ikasafishwe huko, ikatwe, ndipo ionekane. Tuliifunga katika mifuko ya wavu kama ile ya vitunguu, tukakimbia nayo uwanja wa ndege. Mimi mwenyewe nilianza kazi kwa kukimbia na mifuko hiyo, baadaye, uwanja wa Embakasi, Nairobi. Swali la Mo halikuwa kama umepiga picha nzuri. Aliuliza ndege gani imeibeba.

Mwaka 1966 palitokea matatizo Zanzibar. Mo alikamatwa kwa sababu ya picha alizopiga, akakaa karibu mwezi mzima katika gereza la Kiinua Miguu, kisha akaondolewa nchini. Ya humo ndani sitayarudia hapa. Kwa kampuni ilimaanisha kuhamia Nairobi na kuanza tena karibu na sifuri. Dar es Salaam haikumtoka moyoni, na Kiswahili chake kilibaki cha pwani nusu na cha Eastleigh nusu.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya Nairobi, akitoka dukani kwenye barabara inayoitwa sasa Moi Avenue. Mo alifika upesi mno, akaingia katika gari la wagonjwa, akaendelea kupiga huku madaktari wakihangaika. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Uingereza ya mpigapicha bora wa televisheni wa mwaka ule. Wapo waliouliza kama ilistahili kusimama na kamera mahali pale. Mimi nasema kwamba bila picha zile Wakenya wangeachiwa uvumi peke yake.

Hakuwa bosi mwepesi. Alikuwa ofisini kabla ya jua, na aliyechelewa alijua. Lakini alimfundisha kazi mtu yeyote aliyetaka kuijua, awe ametoka chuoni au ametoka kufagia.

Halafu Ethiopia. Oktoba 1984 aliingia Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC. Tarehe 23 mwezi huo picha zake za njaa zikarushwa, kisha zikasambaa katika vituo vya dunia nzima. Zikaja nyimbo za wanamuziki wa Uingereza na Marekani, likaja tamasha la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, na chakula kikafika kwa watu waliokuwa wakifa. Nilizitazama picha zile mara nyingi. Mo hakuharakisha. Kamera yake inakaa na mtu, inamtazama usoni kwa heshima, kama mgeni aliyeketi matangani.

Juni 1991, Addis Ababa, ghala la risasi lililipuka. Tulimpoteza John Mathai, fundi wetu wa sauti. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini akiwa na kamera iliyorekebishwa imkae. Jina la John litajwe kila linapotajwa la Mo.

Tarehe 23 Novemba 1996 Mo na Brian Tetley, mwandishi wa vitabu vyetu vingi, walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Addis. Ndege yao ya Ethiopian Airlines ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, Komoro. Walikuwamo watu 175, wakapona 50; Mo na Brian hawakuwa miongoni mwao. Walionusurika walieleza kwamba Mo alikuwa amesimama, akizungumza na watekaji.

Miaka iliyofuata ilikuwa na uzito wake, na tuliivuka. Salim, mwanawe, alishika usukani akiwa na miaka 26. Mwaka 1998 ukaanzishwa mfuko wa mafunzo wenye jina la Mo, kwa ajili ya vijana wa televisheni. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Salim, Mo & Me. Mwaka 2008 likaja shirika la habari la mtandaoni, A24 Media. Maelfu ya picha za hazina yetu sasa yanaonekana kwenye intaneti.

Madereva, mafundi wa chumba cha giza, makarani wa mizigo pale uwanjani mliotupokelea mifuko dakika ya mwisho: asanteni. Niliowasahau mnisamehe, nimeandika kwa haraka, ndege ilikuwa inangoja.