Vidonge vya Kukata Tumbo Vilikotoka

Mwenzetu aliyeolewa Mpanda, Katavi, katutumia picha ya vidonge vya kukata tumbo alivyouziwa sokoni. "Ni majani matupu, nimeze?"

Majani nayo yana historia. Wachina walitibu pumu kwa mmea wa efedra tangu kale. Marekani wakaugeuza kidonge cha kukondesha, mara nyingi pamoja na kafeini. Majaribio yalipojumlishwa mwaka 2003, aliyemeza alimzidi asiyemeza kwa kupungua chini ya kilo 1 kwa mwezi. Kilo 1! Na moyo unakwenda mbio. Februari mwaka huohuo mchezaji wa besiboli Steve Bechler, miaka 23, alianguka mazoezini kwa joto, akafariki kesho yake. Mchunguzi wa maiti akasema efedra ilichangia. Mwaka 2004 ikapigwa marufuku.

Ikafuata sibutramini, dawa ya hospitali, iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuzidisha shambulio la moyo na kiharusi. Hadi leo wakaguzi huikuta imefichwa ndani ya vidonge vinavyoitwa vya mitishamba.

Tumemwambia asimeze, pakiti aipeleke TMDA. Mama yake ana presha. Yeye hajawahi kupima.