Mtoto wa Shanghai: Kambi ya Lunghua katika Riwaya na katika Historia

Wasomaji wengi wa Empire of the Sun, riwaya ya J. G. Ballard iliyotoka mwaka 1984, huisoma kana kwamba ni maisha ya mwandishi mwenyewe. Mengi yaliyomo yalimtukia kweli. Ila jambo moja kubwa alilibadili kwa makusudi, na mwanahistoria asiyelitambua atapotoka.

Ballard alizaliwa Shanghai mwezi wa Novemba 1930. Baba yake alikuwa mkemia, msimamizi wa tawi la kampuni ya nguo ya Manchester. Nyumba yao ya Amherst Avenue ilikuwa na watumishi wengi na dereva wa kumpeleka mtoto atakako. Alizungukwa na Wachina tangu asubuhi hata usiku, lakini katika kumbukumbu zake za mwaka 2008 akiri kwamba hakujifunza Kichina. Kwa sisi tushughulikao na lugha, neno hili lapima utengano wa mji ule kuliko hesabu yoyote ya mali: aliyetumikiwa hakuwa na haja ya kumwelewa mtumishi.

Mwezi wa Desemba 1941 majeshi ya Japani yaliuteka Mtaa wa Kimataifa, na mwaka 1943 wazazi, mtoto na dada yake mdogo walipelekwa Lunghua, kusini ya mji. Jina rasmi la mahali pale lilikuwa Kituo cha Kukusanyia Raia. Yafaa kulitazama jina hilo kwa makini: waliokusanywa hawakuwa na ruhusa ya kutawanyika. Watu wapatao 2,000 walikaa katika majengo ya shule, na familia hii ya watu wanne ilipewa chumba kimoja kidogo. Chakula kilikuwa uji wa wali, ngano iliyopondwa na viazi vitamu, tena kikipungua kadiri vita vilivyoendelea. Fukizi walioonekana katika uji hawakutupwa. Baba aliamuru waliwe, kwani nao ni lishe.

Sasa tulifikie lile badiliko. Katika riwaya, kijana Jim hupotezana na wazazi wake na kuingia kambini peke yake. Ballard hakupotezana nao hata siku moja. Alipoulizwa, alieleza kwamba kumfanya Jim kama yatima kulikuwa karibu zaidi na ukweli wa moyo. Mimi naona hoja yake ina nguvu. Baba aliyekuwa akiamuru watumishi hakuweza tena kumlisha mwanawe, kumlinda wala kumwahidi lolote. Mamlaka yake yalikwisha ingawa alilala hatua mbili kutoka kwake. Mtoto, kwa upande wake, alizurura kambini, akawastaajabia marubani wa Japani, kisha ndege za Marekani zilizoushambulia uwanja wa karibu. Hata hivyo ukweli wa moyo wa mtoto si ushahidi juu ya wazazi. Waliosimamisha shule ndani ya kambi, wakafundisha watoto kwa tumbo tupu, walikuwa watu wazima walewale ambao riwaya yawafifiza, na filamu ya mwaka 1987 imewafifiza mbele ya umati mkubwa zaidi.

Vita vilikwisha Agosti 1945, na kabla ya mwaka kwisha kijana alisafiri kwenda Uingereza, nchi ambayo hakuwahi kukaa. Mwaka 1991 alirudi Lunghua, akakuta ni shule tena. Alikitafuta chumba chao, akakipata.