Historia ya Hesi: Jinsi Nati na Bolti Zilivyopatana

Kabla hatujaanza, mmoja wenu na atafute bolti moja na nati yake. Ikiwa hakuna, tazameni baiskeli iliyoegemezwa nje, hapo hazikosekani.

Sasa pitisha ukucha wako juu ya bolti. Wasikia mfereji mdogo unaoizunguka tangu ncha hata karibu na kichwa? Mfereji huo ndio hesi, na watu wengi huuita meno ya skrubu. Sisi Waswahili tumeijua skrubu tangu zamani, maana neno letu la parafujo tulilipata kwa Wareno, ambao huiita parafuso. Lakini leo nataka kukueleza jambo ambalo huenda hukupata kuliwaza: kwa nini nati ya duka hili huingia katika bolti ya duka lile, ingawa waliozitengeneza hawakupata kuonana.

Kwanza tujue kazi yenyewe. Fundi akitaka kutia skrubu katika chuma, hutoboa tundu kwa keekee, nalo huwa jembamba kuliko skrubu. Kwa skrubu ya kawaida ya milimita 6, tundu huwa la milimita 5. Kisha hushika kifaa cha chuma kigumu chenye meno makali, kiitwacho tapu. Hukisimamisha wima, hutia mafuta, hukizungusha nusu duara, kisha hukirudisha nyuma kidogo ili vumbi la chuma likatike. Akikilazimisha, tapu huvunjikia tunduni, na kuitoa ni taabu kubwa kuliko kutoboa tundu jingine. Meno ya bolti nayo hukatwa kwa kifaa kingine chenye tundu, kiitwacho dai.

Basi rudi nyuma hata miaka ya 1700 na kitu, katika nchi ya Uingereza. Kila fundi alikuwa na tapu yake na dai yake, alizojitengenezea mwenyewe kwa tupa na kwa macho yake. Meno ya huyu yalikuwa mapana, ya yule membamba. Fundi wa bunduki alipotoboa tundu katika bamba la chuma, alitengeneza skrubu kwa ajili ya tundu lile moja tu. Skrubu ya bunduki hii haikuingia katika bunduki ile, hata kama zote mbili zilitoka katika meza moja. Ndiyo sababu mafundi walipiga alama ndogo juu ya skrubu, nukta moja, nukta mbili, ili kila moja irudi katika tundu lake. Askari aliyepoteza skrubu moja porini hakuwa na duka la kununua nyingine. Ilimpasa kuipeleka bunduki nzima kwa fundi, akatengenezewe upya.

Mtu wa kwanza ninayetaka umjue ni Henry Maudslay. Alizaliwa mwaka 1771 huko Woolwich, karibu na London, palipokuwa na ghala kuu la silaha la serikali. Alipokuwa na miaka 12 aliandikwa kazi humo, ya kujaza baruti katika risasi. Kutoka hapo alihamia kwa maseremala, kisha kwa wahunzi, na huko mikono yake ikapata sifa. Akiwa kijana wa miaka 18 alichukuliwa na Joseph Bramah, fundi maarufu wa makufuli wa London, akawa mkuu wa mafundi wake. Mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma. Alioa, akapata watoto, akaomba nyongeza. Bramah akakataa. Mwaka 1797 Maudslay akatoka, akafungua karakana yake mwenyewe. Mimi huona kwamba nyongeza ile iliyokataliwa ilimgharimu Bramah sana.

Katika karakana hiyo Maudslay alitengeneza kerezo lake la kukata hesi. Sikiliza sana hapa, kwa maana ndiko mambo yalikogeuka. Zamani mkerezaji alishika patasi kwa mkono wake, na chuma kikizunguka alijitahidi kuisogeza patasi kwa mwendo usiobadilika. Mkono ukitetemeka, hesi hupinda. Maudslay aliifunga patasi ya chuma juu ya kigari kidogo, na kigari kile kikavutwa na skrubu ndefu iliyokwisha kukatwa vizuri. Chuma kikizunguka, skrubu ile nayo huzunguka, na patasi husogea kwa kipimo kilekile daima. Akibadilisha magurudumu ya meno yaliyoziunganisha, alipata hesi pana au nyembamba kama alivyotaka. Wengine walikuwa wamepata kujaribu mambo ya namna hiyo kabla yake, lakini la kwake lilikuwa la chuma, zito, lisilotikisika, na mafundi wakalifuata. Alipata kukata skrubu moja yenye urefu wa futi 5, na katika kila inchi yake mlikuwa na meno 50. Hebu piga hesabu mwenyewe: ni meno 3,000 katika skrubu moja!

Lakini Maudslay aliweka taratibu katika karakana yake tu. Nje ya mlango wake vurugu ilikuwa ileile. Na sasa nchi ilikuwa imejaa mashine za mvuke na reli. Gari la moshi likivunjika bolti mbali na kiwanda lilikotoka, lilingoja.

Miongoni mwa mafundi waliopita kwa Maudslay alikuwapo kijana aliyezaliwa Stockport mwaka 1803, jina lake Joseph Whitworth. Mwaka 1833 alifungua kazi yake huko Manchester. Whitworth hakukaa chini akabuni hesi mpya kichwani mwake. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi za Uingereza, akazipima zote, akatafuta wastani wake. Mwaka 1841 akawasomea wahandisi wenzake jambo aliloliona: pembe kati ya jino na jino iwe digrii 55 daima, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya meno. Bolti ya nusu inchi, meno 12 kwa inchi. Kwa kuwa kipimo chake hakikuwa mbali na walichokizoea, na kwa kuwa aliwauzia tapu na dai zilizo tayari, watu hawakukaidi sana. Ilipofika mwaka 1860 hivi, karibu Uingereza nzima ilikuwa ikikifuata.

Vita vya Krimea, vya 1853 hata 1856, vilionyesha faida yake. Serikali ilitaka manowari ndogo nyingi upesi, na mashine zake 90 zilikabidhiwa John Penn wa Greenwich. Karakana yake peke yake isingeweza kazi hiyo. Alizigawa sehemu za mashine kwa karakana mbalimbali, na vilipokusanywa vipande, bolti ziliingia katika matundu yake.

Whitworth alitengeneza na bunduki pia. Tundu la mtutu wake lilikuwa na pande sita, na katika majaribio ya 1857 ilipiga kwa shabaha kuliko bunduki ya jeshi. Serikali haikuichukua, ilikuwa ghali, na mtutu wake ulichafuka upesi. Lakini mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha ya Wimbledon kwa risasi ya bunduki hiyo, nayo ikapiga karibu sana na katikati.

Sasa tuvuke bahari. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1864, William Sellers alisema pembe ya Whitworth ni ngumu kuipima na kuikata. Yeye akachagua digrii 60, na ncha za meno akazifanya bapa. Bolti yake ya nusu inchi ilikuwa na meno 13. Waona basi: 12 huku, 13 kule. Ukitia nati ya Mwingereza katika bolti ya Mmarekani, huanza vizuri, huzunguka kidogo, kisha hukwama. Ukiongeza nguvu ya spana, meno huliwa na vyote viwili huharibika.

Tofauti ya jino moja! Lakini katika Vita Kuu ya Pili ilikula fedha na siku nyingi. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Detroit ilikubali kutengeneza injini za ndege za Merlin, zilizobuniwa na Rolls-Royce wa Uingereza. Hesi zote zilikuwa za Kiingereza, na tapu za namna hiyo hazikuuzwa Marekani. Packard ilibidi wajitengenezee tapu zao kwanza, ndipo watengeneze injini. Nao wakatengeneza zaidi ya 50,000. Vita vilipokwisha, tarehe 18 Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilitia sahihi mapatano mjini Washington ya kuwa na hesi moja. Pembe ikawa digrii 60. Baadaye milimita zikashinda inchi katika nchi nyingi, na mwaka 1965 Waingereza wenyewe waliwashauri wenye viwanda waziache hesi za Whitworth.

Sitaki udhani kwamba mambo yote yamenyooka. Kanyagio la kushoto la baiskeli lina hesi ya kushoto, la sivyo mwendo wa mguu ungelifungua njiani. Mimi nilipigana na kanyagio hilo karibu nusu saa, nikizidi kulikaza kwa kudhani nalifungua, hata mzee mmoja fundi akasema, "Mwalimu, hilo huzungushwa kinyume." Diploma yangu haikunisaidia kitu.

Naye Whitworth hajaondoka. Bomba la maji la chuma lililo uani, ambalo fundi hulikata hesi kwa dai na kulifunga utepe mweupe, bado lina pembe yake ya digrii 55. Kwa kazi ya juma hili, tafuta kipande cha bomba la nusu inchi kilichokatwa hesi. Weka rula kando yake, uhesabu meno katika inchi moja, uandike jibu katika daftari lako. Ukihesabu vizuri utapata 14.