Umemwamkia babu?

Jua linazama Mpanda, mkoani Katavi, mgeni ameingia, na mama anamkazia macho mwanawe: "Umemwamkia babu?" Mtoto anakurupuka: "Shikamoo, babu."

Sikiliza kitenzi hicho. Kuamkia kimetoka kwenye kuamka, jambo la asubuhi, lakini siku hizi mtu huamkiwa hata saa mbili usiku. Majirani Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao hawachanganyi saa: asubuhi ni "mwangaluka", jua likisogea ni "mwadila". Kiswahili kimeisahau saa, kikabaki na umri. Mkubwa haamkii mdogo, humsalimu tu.

Shikamoo yenyewe wengi huirudisha kwenye kushika miguu, na wanaoamkiwa wakiwa wengi tunasema shikamooni. Jibu lake ndilo linalonivutia zaidi. Marahaba kwa Waarabu ni salamu ya kumkaribisha mtu. Sisi tumeifanya jibu, tena la mkubwa peke yake. Kwa hiyo mzee anayeguna "mmh" huku macho yake yakiwa kwenye simu anadaiwa neno. Mama zetu walitufunza nusu ya kwanza kwa kutufinya. Nusu ya pili, sijui kwa nini, hawakumfinya mtu.