Picha ya Papo Hapo Ukumbini: Ilitoka Wapi, na Nakala Inabaki kwa Nani?



Msimu wa harusi umeshachanganya. Siku hizi ukiingia ukumbini siku ya kupamba unakuta pembeni kuna meza: printa ndogo, waya umevutwa ukutani, dada wa kamera, na kitambaa kilichotandazwa picha za wageni waliotangulia. Unapigwa, unasubiri kidogo, unalipa, unaondoka na picha yako kwenye mkoba. Wengi tunadhani haya ni mambo ya juzi yaliyokuja na simu. Biashara hii ina zaidi ya miaka 150, na tangu mwanzo wake kuna suala moja linalotugusa wanawake kuliko mtu mwengine yeyote: picha ikishatoka, kile kinachobaki nyuma kiko mikononi mwa nani?

Mwaka 1856, huko Ohio, Marekani, mwalimu wa chuo aitwaye Hamilton Smith alipewa hataza ya kupiga picha juu ya kibati chembamba cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Kabla yake picha nyingi zilipigwa juu ya kioo au bamba la shaba lililopakwa fedha. Kibati kilikuwa rahisi, hakivunjiki, na kiliweza kusafishwa pale pale mteja akisubiri. Wapiga picha wakabeba vifaa vyao kwenye magari ya farasi, wakafuata maonyesho, sherehe na kambi za askari. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari walipigwa picha hizi na kuzitia kwenye barua za mama zao na wake zao. Hapo ndipo ilipoota mizizi kazi ya kumfuata mteja kwenye shughuli yake na kumuuzia picha kabla hajaondoka.

Shikeni jambo moja hapa, maana tutalirudia. Kibati hakikuwa na negetivu. Kile kilichoingia kwenye kamera ndicho hicho mteja alichoondoka nacho. Mpiga picha alibaki na pesa yake tu.

Huku Unguja mambo yalikwenda njia nyengine. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za mjini zilikuwa za watu waliotoka Goa: Gomes, Coutinho, Pereira de Lord. Hawa walitumia negetivu za kioo. Mteja alipewa picha ya karatasi, kioo kikabaki kwenye kabati la studio, na kutoka kioo kimoja studio iliweza kutoa picha nyingi kadiri ilivyotaka. Studio hizo hizo zilichapisha kadi za posta na kuwauzia abiria walioshuka kwenye meli. Kwenye kadi zile wamo wanawake wa hapa, wamevaa kanga, wamesuka, wamevaa vipuli na bangili, na chini yake yameandikwa maneno kama “mwanamke wa Kiswahili”. Jina hakuna. Ukoo hakuna. Kadi imetiwa muhuri wa posta, ikenda Ulaya, na leo inauzwa kwenye minada ya vitu vya kale. Mimi kila ninapoziona kadi zile simtazami mpiga picha wala pambo. Namtazama yule mama, najiuliza wajukuu wake wangesema nini.

Wanawake wa majumba makubwa walikaa mbali na kamera. Hata Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said, picha yake inayojulikana sana, ile aliyovaa mavazi ya kwao, ilipigwa Hamburg, baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Na si kwamba wote walikimbia kamera kwa sababu ya hukumu ya picha yenyewe. Wanazuoni walikhitilafiana kwenye hilo, na Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera, akisema ni kuzuia kivuli cha kile alichokwisha kukiumba Mwenyezi Mungu. Atakayetaka undani wa mas-ala haya amuulize sheikh wake. Lakini kwa bibi zetu, hata picha ingekuwa halali mara saba, yule aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa mwanamme.

Istanbul walipata jawabu mapema. Mwaka 1919 bibi mmoja, Naciye Hanım, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la ukoo Suman, alifungua studio ya picha ya wanawake nyumbani kwake mtaa wa Yıldız. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwislamu wa Kituruki kufanya kazi hiyo. Zama zile ni za vita, wanaume wengi wako mbali, na wake zao walitaka picha za kuwapelekea. Wangekwenda kwa nani wakavue hijabu? Walikwenda kwa Naciye. Alipiga mwenyewe, alisafisha mwenyewe, na riziki ya nyumba yake ikatoka hapo.

Kwetu, zama za studio zilishamiri baadaye. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na familia nyingi za Unguja zina picha kutoka pale. Harusini palikuwa na tatizo lake. Hata shoga au shangazi alipoazima kamera akapiga ndani, upande wa wanawake, biharusi amekaa na asumini zake na mabega yako wazi, ile filamu ilikuwa lazima ipelekwe mjini kusafishwa. Mwenye chumba cha giza aliziona zote, moja baada ya moja, na negetivu zilipita mkononi mwake. Pazia lililofungwa mlangoni mwa ukumbi lilifunguliwa studio.

Sasa mrudieni yule askari wa Marekani na kibati chake. Mwaka 1943 mhandisi Edwin Land alikuwa likizo Santa Fe na binti yake wa miaka mitatu. Alimpiga picha, na mtoto akauliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi. Mwaka 1947 Land alionyesha hadharani picha inayojisafisha yenyewe, na Novemba 1948 kamera ya kwanza ya Polaroid iliwekwa sokoni katika duka moja la Boston. Zilizoletwa siku hiyo zilikwisha siku hiyo hiyo. Picha za rangi zikafuata mwaka 1963, kisha mwaka 1972 ikaja SX-70, ambayo karatasi inatoka yenyewe na sura inajitokeza huku unaitazama.

Land hakuwa akifikiria kupamba kwa Kizanzibari, ni wazi. Lakini alichokifanya ni kuondoa chumba cha giza, na pamoja nacho akamuondoa yule mtu wa ndani ya chumba. Picha moja, nakala moja, mwenyewe anaishika. (Zile za mwanzo zilikuwa za kubandua, na karatasi ya negetivu ilitupwa, mwenye akili aliichoma.) Karatasi zake zilikuwa ghali, kwa hiyo hakuna aliyepiga ovyo. Polaroid walitangaza kuacha kutengeneza filamu zao mwaka 2008, lakini Instax ya Fujifilm, iliyoanza 1998, bado ipo, na ndiyo ile kamera ndogo ya rangi rangi mnayoiona kwenye meza za maharusi.

Printa za ukumbini ni kitu chengine, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Nyingi hazitumii wino wa maji. Ndani yake mna utepe mrefu wenye vipande vinavyofuatana: manjano, majenta, samawati, na cha mwisho kisicho na rangi cha kuilinda picha. Joto huhamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi, ndiyo maana karatasi inaingia na kutoka mara nne kabla hujapewa. Pale rangi ilipohama, utepe unabaki na alama yake. Ukiukunjua ukautazama kwenye mwanga unaziona sura za wageni wote wa usiku ule, moja baada ya moja. Utepe huo ukiisha hutupwa, aghlabu kwenye jaa la nyuma ya ukumbi. Tumerudi kwenye kabati la vioo, shoga zangu, na safari hii kabati lenyewe halina hata mlango.

Halafu kuna desturi ya biashara yenyewe. Muuzaji wa papo hapo hupiga kwanza, huchapa, kisha hutandaza na kungoja wenyewe waje kununua. Kwenye mahafali haina neno. Kwenye kupamba, picha ambazo hazikununuliwa ni wake za watu wasiovaa mitandio, na dada wa kamera anazibeba nyumbani kwake. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Je, kaka zake, na fundi anayemtengenezea kompyuta?

Kwa hiyo biharusi anayekodi meza ya picha ana haki ya kupanga masharti kabla ya kutoa arubuni. Malipo yatolewe na mwenye shughuli kwa usiku mzima, ili dada wa kamera asiwe na haja ya kupiga watu wasioomba. Apige anayekuja mwenyewe kwenye kiti. Kadi ya kamera iwe ya mwenye shughuli, na ibaki kwake usiku ule ule, kwani picha iliyofutwa tu huweza kurudishwa na programu za kawaida. Utepe uliotumika nao ukabidhiwe. Baadhi ya wapiga picha wa kike hapa mjini wanakubali haya bila ya kusukumwa, na wengine huongeza bei kidogo kwa sababu ya kadi. Bei hiyo ilipeni. Utepe ukatwe kwa mkasi vipande vidogo kabla ya kutiwa motoni, nje penye hewa, maana ni plastiki na moshi wake si wa udi.