Kupatana na Kutatua: Kazi ya J. P. Lederach katika Elimu ya Amani na Deni Lake kwa Wajir

Elimu ya vita ni kongwe, na elimu ya amani ni changa. Watawala wa kila zama wamekuwa na waalimu wa kuwafundisha kupanga majeshi na kuzingira miji, lakini taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo, nchini Norwei, ilifunguliwa mwaka 1959 tu. Na Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilimweka Adam Curle kuwa profesa wake wa kwanza wa elimu hiyo mwaka 1973. Nia ya makala haya ni kueleza kazi ya mwanachuoni mmoja aliyeingia katika uwanja huo baadaye kidogo, Bwana John Paul Lederach wa Marekani, na kuipima kwa mambo mawili yanayowahusu wasomaji wetu: kwanza, lugha, pili, yale yaliyotendeka Wajir, kaskazini-mashariki ya Kenya, ambayo aliyachukua kuwa moja la mashina ya hoja zake.

Ili kazi hiyo ieleweke, hapana budi kutaja wawili waliomtangulia. Mwaka 1969 Johan Galtung, mwanzilishi wa taasisi ya Oslo, aliandika kwamba udhalimu hauishi katika ngumi na bunduki peke yake. Waweza kukaa ndani ya mpango wa nchi, mtu akafa kwa njaa au kwa maradhi yanayotibika, pasionekane mkono wa aliyemwua. Kwa hiyo kunyamaza kwa bunduki ni nusu ya amani. Mwaka 1973 Gene Sharp, Mmarekani, alitoa kitabu kikubwa juu ya kupinga pasipo mabavu, akahesabu humo njia 198, kama migomo, kususia biashara, na kukataa kutii. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mamlaka ya mtawala hutoka kwa wanaomtii, na utii ukiondolewa, mamlaka hunywea. Galtung alifundisha amani ni nini; Sharp alifundisha jinsi mnyonge awezavyo kupigana bila silaha. Lilibaki swali la tatu: waliokwisha kuuana hurudije kuishi pamoja kisimani na sokoni? Swali hilo ndilo alilolishika Lederach.

Lederach alizaliwa mwaka 1955 katika jamaa ya Wamennonite, madhehebu ambayo kwa karne nyingi yamekataa kushika silaha, na ambayo wasomaji wetu wa Mara wanayajua tangu yalipofika Shirati mwaka 1934. Alipata udaktari wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Colorado, akafundisha Virginia na baadaye katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Lakini shule yake ya kweli ilikuwa Amerika ya Kati. Katika miaka ya 1980 alishiriki katika upatanishi wa serikali ya Nikaragua na wenyeji wa pwani ya mashariki ya nchi hiyo, pamoja na viongozi wa kanisa la Wamoravia. Huko alikwenda na mafunzo ya usuluhishi aliyoyapata kwao, akaona kwamba hayatoshi. Wanafunzi wake walikuwa na ujuzi wao wenyewe, na ujuzi huo ulikuwa umehifadhiwa katika maneno.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusogeza kiti karibu. Lederach alisikia kwamba watu wa kawaida, wanapoeleza ugomvi, hawatumii neno la vitabuni. Husema wamo katika *enredo*, na neno hilo la Kihispania limetokana na *red*, yaani wavu. Aliyegombana ni kama aliyenaswa katika wavu uliojisokota, pamoja na jamaa zake na jirani zake. Lederach akauliza: mvuvi hufanyaje na wavu wa namna hiyo? Haukati. Hukaa nao, hufungua fundo moja baada ya moja, kisha hushona palipopasuka. Kutokana na maneno ya namna hiyo aliandika kitabu chake cha mwaka 1995, akitofautisha mwalimu anayeleta dawa iliyokwisha kutengenezwa na mwalimu anayewasaidia watu kuitoa dawa iliyomo mwao. Tena aliacha kusema habari ya kumaliza ugomvi, akasema habari ya kuugeuza. Ugomvi ukimalizwa kwa haraka, uhusiano uliouzaa hubaki kama ulivyokuwa. Ukigeuzwa uhusiano, ugomvi hupoteza chakula chake.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma maneno hayo asiikumbuke lugha yake. Sisi nasi tunasema mambo yametatana. *Tata* ni fundo la nyuzi zilizosokotana. Kwalo tumepata *tatiza* na *tatizo*. Na kwa kiambishi kile kile kinachogeuza *funga* kuwa *fungua* na *ziba* kuwa *zibua*, tumepata *tatua*. Anayesema leo juu ya utatuzi wa ugomvi, hata kama ni karani aliyefasiri waraka wa serikali, ameshika mkononi picha ile ile ya wavu bila kujua.

Lakini lugha yetu ina neno jingine lenye mafunzo zaidi, nalo ni *kupatana*. *Amani* na *suluhu* tumezipokea kwa Waarabu. Ya kwanza inaeleza hali ya usalama, na ya pili inaeleza tendo la kumaliza vita. *Patana* tumelijenga wenyewe kwa *pata* na kiambishi cha kutendana. Wawili wanaopatana kila mmoja amempata mwenziwe. Tena neno hili ni la sokoni kabla ya kuwa la barazani: muuzaji na mnunuzi hupatana bei, kila mmoja akishuka au kupanda kutoka alipoanzia, na hakuna anayeitwa mshinde. Bila shaka tujihadhari. Mzizi wa neno si ushahidi wa tabia ya watu, na wenye neno zuri la amani wamewahi kupigana vibaya kama wengine. Neno hutuonyesha tu njia ambayo wasemaji waliwahi kuiona.

Sasa twende Wajir. Nchi ile ni ya Wasomali, na lugha yake si Kiswahili. Amani huitwa *nabad*. Ilikaa chini ya sheria za hatari kwa miaka mingi, toka Kenya ilipopata uhuru hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Mwezi wa Februari 1984 majeshi ya serikali ya wakati ule yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilivunjika, silaha na wakimbizi wakavuka mpaka, na ukame ukaua mifugo. Kuanzia 1992 koo za Wajir zenyewe, Degodia, Ajuran na Ogaden, ziliingia katika mapigano. Mwanamke wa ukoo huu hakuweza tena kumwuzia maziwa mwanamke wa ukoo ule bila hofu.

Wanawake wachache, mmoja wao Bibi Dekha Ibrahim Abdi aliyezaliwa mwaka 1964, walianza kuulizana lifanyike nini. Hawakuanza na mkataba. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba mwanamke ye yote, wa ukoo wo wote, aweze kununua na kuuza, wakaweka walinzi miongoni mwao wa kutazama, na palipotokea ubaya walikwenda mara moja kuutengeneza. Soko lilipotulia waliwaendea wazee. Na wazee walipokusanyika, aliyesimama kuwa msemaji alitoka katika ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa na nguvu ya kumtisha mtu. Mwaka 1993 wazee walitoa tamko lao la amani lililoitwa Al Fatah. Kisha wakaitwa vijana, na ilipoonekana kwamba kijana hawezi kuweka bunduki chini akabaki mikono mitupu, likaingia shauri la kazi. Mwaka 1995 kamati yao ya amani ilitiwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, na mfano wake ukafuatwa mahali pengine nchini Kenya.

Tazama mpango huu kwa macho ya elimu. Ulinzi wa soko ni tendo lisilo la mabavu ambalo Sharp angeweza kulitia katika hesabu yake. Lakini halikukusudiwa kumwangusha mtawala, bali kurudisha mahali ambapo watu hupatana. Shauri la kazi za vijana ni hoja ya Galtung, iliyofikiwa na watu waliokuwa hawana haja ya kumsoma. Kila hatua ilitokana na iliyotangulia.

Lederach aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 2005, pamoja na visa vya Ghana, Kolombia na Tajikistani. Jina la kitabu hicho lina neno gumu kufasirika. *Ubunifu* ni karibu, lakini kubuni kwetu huwa pia kuzua uongo. *Njozi* ni za mlalaji. Tuseme ni fikira ya kuumba iliyoshikwa na adili: uwezo wa kusimama katika mambo yalivyo, na papo hapo kuona lisilokuwako bado. Alitaja nguzo zake nne: kujiona ndani ya utando mmoja na adui, kutaka kujua bila kugawa mambo mawili mawili, kuumba, na kuthubutu kwenda pasipojulikana. Alidai kwamba ufundi wa usuluhishi umekuwa kama useremala wa vipimo, na umesahau kuwa ni sanaa. Yeye mwenyewe alijifunza utando kwa kumtazama buibui, na katika mikutano mirefu alikuwa akiyafupisha aliyoyasikia kuwa haiku, ushairi mfupi wa Wajapani, ili apate kiini cha jambo.

Mfano wake mmoja wafaa kukumbukwa. Tarehe 15 Agosti 1998 bomu lililipuka Omagh, Ayalandi ya Kaskazini, na watu 29 wakauawa. Maua yaliyoletwa na waombolezaji yalijaa barabarani hata yakaanza kuoza. Msanii mmoja aliwakusanya wenyeji, wakayasaga maua hayo kuwa karatasi, na karatasi zikafanywa picha walizopewa jamaa za marehemu. Hakuna mkataba ulioandikwa juu ya karatasi hizo. Lakini watu walipata kazi ya mikono katika wakati ambapo maneno yalikuwa yamewashinda. Katika kitabu cha mwaka 2010, alichokiandika pamoja na binti yake, Lederach aliendeleza fikira hiyo kwa upande wa sauti na muziki.

Hapa inafaa tubishane naye kidogo. Sanaa haina upande. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa fundi wa shairi asiye na mfano katika zama zake, na mashairi yake mengi ni ya kuchochea vita na kuwatambia maadui. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya mauaji ya Rwanda ilimtia hatiani mwaka 2008 mwanamuziki Simon Bikindi, kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti mwezi wa Juni 1994 ya kuhimiza kuuawa kwa Watutsi. Hukumu hiyo haikusimama juu ya kutunga nyimbo. Lakini mahakama iliona kwamba nyimbo zake zilitumika katika propaganda. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba kuleta amani ni sanaa. Kuleta vita nako ni sanaa, na mara nyingi huwa na wasanii wengi zaidi. Lederach analijua hilo kwa kiasi, ndiyo sababu alitaka adili litangulie. Lakini wafuasi wake wengine wameshika ngoma wakaacha adili.

Jambo la pili ni la haki. Huko Nikaragua Lederach alichota katika Zaburi ya 85 zoezi la kuwafanya Kweli, Rehema, Haki na Amani kuwa watu wanne wanaosema, kila mmoja akidai nafasi yake. Katika kisa cha Wajir, Rehema na Amani zilisikika vizuri. Kweli na Haki za Wagalla zilingoja: tume ya ukweli ya Kenya ilitoa ripoti yake mwaka 2013, miaka 29 baada ya mauaji. Wanawake wa soko waliweza kupatanisha koo. Hawakuweza kuilazimisha dola kukiri. Tena mapigano ya koo yalirudi baadaye, hasa katika mpaka wa Wajir na Mandera kati ya 2012 na 2014. Hili halitangui kazi yao. Linaonyesha kwamba wavu ulioshonwa jana hutaka mshonaji leo, na kwamba fundo jingine liko mikononi mwa wakubwa.

Bibi Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba mwaka huo alikuwa miongoni mwa waliokusanya Wakenya kutafuta njia ya kutoka. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari. Vyuo vingi vinamjua kwa kumsoma Lederach; ni haki zaidi kusema kwamba Lederach alimsoma yeye, naye hakulificha deni hilo.

Kwetu sisi wa lugha, deni limebaki. Maneno ambayo watu wa mwambao na wa bara hutumia wanapoeleza ugomvi na mapatano hayajakusanywa kwa utaratibu: ya wavuvi, ya wachuuzi, ya wazee wa baraza, ya wanawake wanaposuluhisha ndoa. Istilahi za elimu ya amani tunazozitumia darasani nyingi zimefasiriwa mezani kutoka Kiingereza, na mwanafunzi huzikariri bila kuona picha iliyomo. Kazi ya kukusanya maneno hayo yaweza kuanzwa na taasisi kama yetu, na soko ni mahali pazuri pa kuianzia.