Mgonjwa Hakarabatiwi, Huibuka

Siku niliyotoka wodini nilikabidhiwa karatasi yenye kichwa cha herufi nene: "Ukarabati wa Mgonjwa wa Kiharusi." Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado haushiki kitu, nikaisoma nimeikandamiza mezani kwa kiwiko. Nilijiona ghala la bandarini linalosubiri mabati mapya.

Kiharusi msomaji anakijua, na anajua kwamba baada yake mtu hufundishwa upya kushika kijiko, kumeza na kupanda ngazi. Hayo siyaelezi. Nataka kueleza kwa nini kazi hiyo imepewa katika lugha yetu majina mawili, yote mawili mabovu, ilhali jina lake liko chini ya maji miaka yote likitungoja.

Waingereza walichukua lao, rehabilitation, kutoka Kilatini, ambako habilis ni mtu anayefaa, anayeweza. Katika Kilatini cha zama za kati neno lililozaliwa humo lilihusu kumrudishia mtu cheo alichovuliwa. Ni neno la heshima. Sisi tukaleta fundi.

Maana karabati haiwezi kusimama bila fundi. Mimi nimekulia Nungwi, ambako majahazi huundwa ufukweni mpaka leo, na nashuku, kamati zikasirike zikitaka, kwamba karabati na kalafati ni ndugu. Kalafati tunajua ilikotoka: ni Kiarabu, na ni kazi ya kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta. Jahazi linalala nchi kavu, ubavu juu, halina kauli, fundi anagonga. Likimaliza kuzibwa linasukumwa majini na watu wengine. Katika yote hayo jahazi lenyewe limefanya nini? Hakuna aliyenigonga mimi. Ubongo uliokosa damu hujifunza njia mpya kwa kurudia jambo lile lile mara mia, na anayerudia ni mgonjwa mwenyewe, kwa jasho lake. Sarufi inayomweka kwenye kutendwa inamwongopea.

Baadaye kikapita kikao, sisemi cha nani, kikatoka na utengamao. Nakiri ni afadhali. Lina sauti nzuri na halina sementi. Lakini tengamaa ni kutulia. Bahari iliyotengamaa ni bahari isiyo na wimbi, na mgonjwa aliyetengamaa ni yule ambaye daktari anaweza kumwacha akaenda kula. Kutulia nilitulia sana, wiki tatu, kitandani. Isitoshe sikio langu linasikia ndani yake tenga, shina lililotuzalia tengenea na tengeneza, ndiyo, lakini pia kutengwa, na mtu mwenye mdomo uliopinda hahitaji kukumbushwa kutengwa.

Neno ni mwibuko.

Mtoto yeyote wa pwani anajua zama na ibuka kama anavyojua kulia na kushoto. Aliyezama yuko chini, aliyeibuka kichwa chake kiko juu ya maji na anavuta pumzi. Ibua na ibuka zinakwenda sambamba na inua na inuka, fumua na fumuka: ya kwanza unamtenda mwenzio, ya pili unajitendea. Mzamiaji huibua lulu, yeye mwenyewe huibuka. Na kama inuka ilivyotupa mwinuko, fumuka mfumuko, amka mwamko, ibuka inatupa mwibuko bila kuomba ruhusa kwa mtu. Wasomi walipotafuta jina la shahada yao ya juu kabisa walishuka pwani wakachukua zama, wakafanya uzamivu. Hawakurudi kuchukua la pili. Labda waliona kuzama kunatosha.

Nililitoa neno hili katika mkutano mmoja wa waandishi. Mwanaisimu mmoja, mwenye hiyo shahada, akasema kwa tabasamu kwamba magazeti huandika "kuibuka kwa ugonjwa", hivyo "mwibuko wa kiharusi" utaeleweka kuwa ni mripuko wa viharusi. Watu walicheka. Nilikuwa bado nasema polepole, na nilipokuwa ninatafuta jibu walikwisha kwenda kunywa chai. Jibu langu ni hili: ugonjwa huibuka kwa sababu ulikuwa umejificha chini, maana ni ile ile, na magazeti hayo hayo kila uchaguzi huandika kwamba fulani "ameibuka mshindi" na hakuna anayemwendea na chanjo. Hata hivyo, kwa kuwa mimi si mkaidi kama wasemavyo, na tuseme mwibuko baada ya kiharusi.

Lililonipa uhakika ni bahari yenyewe. Miaka mingi nilizamia Mnemba kwa mtungi, na jambo la kwanza unalofunzwa si kushuka, ni kuibuka. Hewa uvutayo chini ina naitrojeni, nayo chini ya kanieneo huyeyuka mwilini. Ukipanda kwa pupa inageuka mapovu kama soda iliyofunguliwa. Kwa hiyo hupiti mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 unasimama dakika 3, umeshika kamba, unalitazama jua karibu kabisa na huendi. Mwibuko una vituo. Nani aliyelala na mkono usiomtii haelewi hilo?

Kurudi majini kwenyewe nisimulie kwa ufupi. Binti anayenifanyisha mazoezi alikuja Nungwi siku ya maji mafu, akanishika kiunoni. "Shikamoo mzee wangu. Leo hatuogelei, tunaelea tu." Maji yalipofika shingoni miguu ilibaki inabeba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wangu, nikasimama wima bila mkongojo kwa mara ya kwanza. Nilipolala chali, upande wa kushoto ukazama, nikabingirika. Aliniambia kwamba James McMillan, aliyeanza mwaka 1949 kuwafunza kuogelea wasichana wenye ulemavu wa shule ya Halliwick, London, alitaka mtu ajue kuuzuia mwili usibingirike kabla ya kufundishwa kupiga mikono. Nikabingirika tena, nikainuka natema chumvi. "Umeibuka mwenyewe," akasema. Hakuwa amesoma makala yoyote yangu.

Mtungi bado nimekatazwa. Daktari anahofia kifafa chini ya maji, na anataka kwanza kuupima moyo, kwa kuwa mtu mmoja kati ya wanne ana kijitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo ambacho hakikuziba baada ya kuzaliwa. Kijitundu hicho kinaweza kupitisha donge la damu hadi kwenye ubongo, na mapovu ya mzamiaji vilevile. Sibishani naye; nabishana na fomu yake.

Matumizi: tiba ya mwibuko, chumba cha mwibuko, mwibuaji ni mtaalamu, mwibukaji ni mgonjwa. Wingi, miibuko.

Katika fomu hiyo ya daktari kuna mstari usemao "Hatua ya ukarabati". Niliukata kwa kalamu nikaandika juu yake "Hatua ya mwibuko", na mbele yake: "mita 5, nimeshika kamba." Imerudishwa kwangu jana. Pembeni pameandikwa kwa wino mwekundu: irekebishwe.